Kabla hujaandika amitriptilini, dawa ya sonona: ni sonona au baipola?

Baipola ni ugonjwa wa akili wenye vipindi vya kupanda (kuchangamka kupita kiasi) na vya kuwa chini (huzuni kama ya sonona). Mwenye baipola ni nadra kuja zahanati mwenyewe akiwa amepanda, kwa kuwa wakati huo anajiona mzima kuliko sisi. Huja akiwa chini, na hapo anafanana sana na mwenye sonona. Jibu liko kwenye historia yake.

Hatua ya 1. Hakikisha yuko chini kweli: huzuni au kukosa hamu ya mambo, karibu kila siku, wiki 2 au zaidi. Ulizia kujiua kwa maneno ya wazi. Kuuliza hakumpandikizii wazo.

Hatua ya 2. Ulizia kupanda. Ukisema "uliwahi kuchanganyikiwa?" atakataa. Mimi huuliza: "Mama, kuna kipindi ulilala masaa mawili matatu tu, siku kadhaa mfululizo, na bado ukaamka na nguvu tele?" Mwenye sonona huutafuta usingizi akaukosa, mchana yuko hoi. Aliyepanda haoni haja ya kulala. Akikubali, endelea: maneno yasiyokatika, mawazo kukimbia, hasira za ghafla, mipango mikubwa, ngono ya ovyo, kutapanya pesa. Zikidumu siku 4 bila kuvuruga maisha, ni kupanda kwa kiasi. Zikifika wiki 1 na kuvuruga kazi au nyumba, au akilazwa kwa ajili hiyo, ni kupanda kamili.

Swali la pesa lina mtego huku kwetu. Malipo ya korosho yakiingia, Tandahimba na Newala watu wananunua pikipiki na mabati, na huo si ugonjwa. Mlinganishe na alivyo siku zote: je, aliuza mikorosho yenyewe huku halali?

Hatua ya 3. Akiridhia, mwite aliyemsindikiza. Ndugu atakwambia "alipandwa na mashetani, tukampeleka kwa mganga". Usibishane naye. Uliza yalidumu siku ngapi, alikuwa analala, alifanya nini.

Hatua ya 4. Shuku zaidi kama alianza kuugua kabla ya miaka 25, ana mzazi au ndugu mwenye baipola, aliugua baada ya kujifungua, anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au dawa ya sonona iliwahi kumfanya asitulie. Hakuna hata moja inayotosha peke yake.

Hatua ya 5. Ondoa visababishi vingine: pombe, bangi, dawa ya prednisoloni (steroidi) au efavirenzi (ya VVU), ugonjwa wa tezi ya shingo, VVU, kaswende.

Hatua ya 6. Ukishuku baipola, usimpe amitriptilini wala fluoksetini (nayo ni dawa ya sonona) peke yake, inaweza kumpandisha. Mpe rufaa hospitali ya Ligula (Mtwara) au Sokoine (Lindi), na anayetaka kujiua asiende bila msindikizaji. Valproeti, dawa ya baipola, usimwanzishie mwanamke anayeweza kushika mimba.

Usipoona dalili ya kupanda, tibu sonona. Amitriptilini ikizidi huua kwa kuvuruga moyo, hivyo toa vidonge vichache, avitunze ndugu. Mwone tena baada ya wiki 1 au 2, na mwambie ndugu: akiacha kulala huku anachangamka, mleteni siku hiyohiyo.