Kabla hujalipia mwongozo wa akiba ya chakula, omba ukurasa wa mahindi

Ndugu zangu, hizi PDF za kuweka chakula cha dharura zinazouzwa WhatsApp, usitume mobile money kwanza, mwambie muuzaji akupe skrinshoti ya ukurasa mmoja tu, ule wa mahindi au maharage. Tafuta palipoandikwa unyevu. Ukiona ameandika punje zikauke mpaka asilimia 13 hivi na amekuonyesha namna ya kupima nyumbani, huyo anajua kazi. Akiwa na orodha ya makopo na friza tu, achana naye, kwa sababu huku kwetu akiba ni gunia la mahindi ya posho na maharage, na kinachoiharibu ni unyevu unaoleta ukungu wenye sumukuvu, halafu fukusi.

Kipimo chenyewe hiki hapa bure: chupa kavu ya soda, mahindi mpaka theluthi moja, chumvi kavu vijiko vikubwa viwili, funga utikise vizuri dakika moja uiache itulie. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi bado mabichi, yarudishe juani juu ya turubai. Lakini angalia, chumvi isipoganda maana yake yako chini ya asilimia 15 tu, kwa hiyo kama unataka yakae miezi mingi ongeza siku ya jua. Chumvi yenyewe ikiwa na unyevu itakudanganya, na kwa unga hii haifanyi kazi kabisa.

Muuzaji akikataa kutoa hata ukurasa mmoja, mimi silipi.