Salami, hemu, poloni, bekoni: ipi huliwa ilivyo na ipi lazima ipite motoni

Jumapili wifi yangu, mwenye mimba ya miezi sita, alifika kwangu Donholm, akafungua friji, akachukua slesi ya poloni, ile soseji nene laini, na kuipeleka mdomoni. Nikamshika mkono. Uso ukambadilika, akadhani namnyima. "Wifi, si hii imeshapikwa kiwandani?" Ni kweli imepikwa. Lakini kwa hali yake, hilo halitoshi. Somo la leo limetokana na swali lake.

Hatua ya 1: Jua ilivyotengenezwa

Usiamini rangi. Naitraiti, kemikali ya kuhifadhi nyama inayotiwa pamoja na chumvi, huifanya nyama ibaki ya waridi hata baada ya kupikwa.

Salami na prosciutto hazipikwi. Salami huchachushwa na bakteria wazuri hadi iwe na ukali kidogo, kisha hukaushwa kwa wiki kadhaa. Prosciutto ni paja la nguruwe linalolazwa kwenye chumvi na kuning'inizwa miezi mingi. Chumvi na ukavu huwanyima vijidudu maji ya kuishi, ndiyo maana huliwa zilivyo.

Poloni, smoki (soseji ndogo za moshi) na hemu nyingi za madukani zimepikwa kiwandani. Mtu mzima mwenye afya anaweza kuzila baridi.

Bekoni ni mbichi, na soseji nyingi za kukaanga pia. Bekoni imetiwa chumvi, pengine na moshi, lakini moshi ule ni wa kuleta ladha tu. Ipike.

Hatua ya 2: Soma pakiti

Tafuta maneno yanayosema iko tayari kuliwa, au yanayosema ipikwe kwanza. Usipoyaona, ipike.

Hatua ya 3: Linda baridi, lakini usiitegemee peke yake

Hapa ndipo wengi huteleza. Kuna bakteria aitwaye Listeria ambaye huendelea kuzaana hata ndani ya friji, polepole. Moto humuua kiwandani, lakini anaweza kuirukia nyama baadaye, wakati wa kukatwa na kufungwa. Afrika Kusini, mwaka 2017 hadi 2018, watu zaidi ya 1,000 waliugua na zaidi ya 200 wakafa. Chanzo kilikuwa poloni, chakula kilichopikwa tayari. Zaidi ya theluthi moja ya waliougua walikuwa watoto wachanga, wengi wao walioambukizwa tumboni mwa mama zao. Sikuweza kukaa kimya wifi akitafuna.

Friji iwe nyuzi 4 au chini yake. Pakiti ikishafunguliwa, maliza ndani ya siku 3 hadi 5. Kwenye kaunta ya supamaketi, simama uangalie mashine ya kukatia: ikiwa ina mabaki ya nyama ya aliyekutangulia, omba isafishwe au chukua pakiti iliyofungwa. Nunua nyama mwisho kabisa, maana foleni ya Jogoo Road inaweza kukuweka saa mbili juani. Stima ikipotea zaidi ya saa 4, tupa. Inauma, najua, mwezi uliopita nilitupa pakiti nzima ya hemu.

Hatua ya 4: Angalia nani anakula

Mjamzito, mzee wa miaka 65 na zaidi, na yeyote ambaye kinga yake imeshuka kwa ugonjwa au matibabu: wapashie moto hadi mvuke utoke, nyuzi 74 katikati. Hii ni pamoja na salami. Ile poloni niliikatakata, nikaikaanga na kitunguu hadi ikachemka mafuta pembeni, na wifi akaila na chapati.

Maswali ya wanachama, kila mmoja kwa jina la mtaa wake

Umoja: Dada, smoki pasua za pale steji je?
Smoki yenyewe imepikwa. Shida ni maji ya uvuguvugu inamokaa kutwa nzima. Nunua kwa anayekutolea ikifuka mvuke. Kachumbari nayo iangalie: imekatwa saa ngapi, na kisu kinaoshwa wapi? Mimi mara nyingi husema aniwekee bila.

South B: Salami yangu nzima ina unga mweupe juu.
Huo ni ukungu wa kawaida wa kukaushia. Menya ngozi ule. Ukungu wa kijani au mweusi, au slesi zenye utelezi, tupa.

Eastleigh: Na nyirinyiri yetu?
Ile ni nyama iliyokaushwa na kukaangwa, kisha huhifadhiwa ndani ya mafuta. Maji yameisha, ndiyo siri yake. Usiichote kwa kijiko chenye maji.

Githurai: Nikiiweka friza, Listeria anakufa?
Hapana. Analala tu.

Kasarani: Nina mimba ya miezi minne, na wiki mbili zilizopita nilikula hemu baridi. Sijisikii vibaya.
Pole kwa wasiwasi, dada yangu. Walio wengi hula na wasipatwe na kitu, kwa hiyo lala usingizi. Ila dalili zinaweza kuchelewa hata siku 70, na kwa mjamzito huwa kama mafua tu: homa, mwili kuuma, uchovu. Ukipata homa, nenda kliniki siku hiyohiyo, na usiishie kusema una homa. Mwambie daktari ulikula nini na lini, kwa sababu dawa ipo, na ikianza mapema humlinda mtoto.