Unajenga nyumba Unguja? Vipi kuchanganya ya kwetu na ya Kizungu mpaka nyumba ikalike

Ukipita Fuoni, Tunguu mpaka Mbweni huko utaona nyumba mpya nyingi zimejengwa kwa ramani iliyotolewa intaneti, sebule kubwa imeungana na jiko, vioo vikubwa mpaka chini, halafu mbele mwenyewe katia mlango wa nakshi, ndani kaweka kasha la misumari ya shaba na kandili mbili za rangi, basi anasema nyumba yake imechanganya Uarabuni na Ulaya. Inapendeza kweli kwenye picha. Lakini ingia saa nane mchana, humo ndani hamkaliki, feni zote zinazunguka na bado jasho, na akija mgeni mwanamme watu wa ndani hawana pa kupita kwenda chooni. Hiyo nyumba imechukua sura mbili na haikuchukua kazi hata moja.

Mimi naona kanuni ni hii tu: kila kitu unachokichukua, kiwe cha Oman, cha Uhindini au cha Uingereza, kwanza ujue kwao kilikuwa kinafanya kazi gani, halafu ujiulize hiyo kazi hapa kwetu unaihitaji? Wazee ndo walivyofanya. Tizama Beit al-Ajaib, lile jumba la mjini Unguja alilolijenga Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883, lilikuwa na nguzo za chuma cha kusubu kutoka nje, likaja kutiwa umeme, mpaka lifti, mambo ya Kizungu matupu kwa wakati ule, lakini zile nguzo zilibeba varanda pana za kuzunguka jengo ili jua lisiguse ukuta, na milango ikabaki ya nakshi. Au nenda Mizingani kaangalie Dispensari ya Zamani ya Tharia Topan, tajiri wa Kihindi, jiwe la msingi limewekwa 1887 na jengo likamalizika 1894, roshani zake ni za Kihindi, mapambo ya lipu ni ya Ulaya, vioo vya rangi, na katikati kuna uwazi wa kuleta mwanga. Zile roshani si pambo tu, ni kivuli na ni pahala pa kukaa mtu akaona njia bila ya yeye kuwa njiani. Sehemu kubwa ya jengo la Beit al-Ajaib iliporomoka Disemba 2020 na mimi mpaka leo nikipita Forodhani, pale lilipo, roho inaniuma, ndo maana naandika haya, kwa sababu ujuzi ule unaweza kuendelea kwenye nyumba zetu za matofali.

Haya tuanze, na tunaanza na jua, rangi na makochi baadae sana.

Sisi tupo kama digrii 6 kusini ya ikweta. Maana yake jua la asubuhi na la jioni linapiga kuta za mashariki na magharibi moja kwa moja na likiwa chini hakuna upenu utakaolizuia. La mchana linapita juu, kuanzia Machi mpaka karibu Oktoba linaelemea kaskazini, miezi iliyobaki linaelemea kusini. Kwa hiyo nyumba ilaze, ubavu mrefu uangalie kaskazini na kusini, mbavu fupi ndo ziangalie mashariki na magharibi, huko usitie madirisha mengi, panda mti au weka stoo na ngazi. Upenu wa paa upande wa kaskazini na kusini toa kama mita 1, ukiweza zaidi vizuri, mchana kivuli kitafunika dirisha lote. Na bahati nzuri pepo zetu mbili ndo zinakuja hivyo hivyo, kaskazi kutoka kaskazini mashariki miezi ya joto na kusi kutoka kusini, ukiweka madirisha yanayotazamana upepo unapita nyumba nzima. Usije ukauziba kwa ukuta wa uwa mrefu wa matofali mazima, sehemu ya juu tia matofali ya matundu.

Kuna jengine hapo hapo kwenye ramani na mafundi wengi wanalisahau. Makka kutoka kwetu ipo karibu kaskazini kabisa. Choo cha kukaa cha Kizungu hakina ubaya, wazee wenye magoti wanakihitaji, lakini kikae kuangalia mashariki au magharibi, ili mtu asielekee kibla wala asikipe mgongo. Hili liseme kabla bomba halijalazwa, ramani za intaneti hazijui. Na pembeni weka bomba la kutawazia na sakafu iwe na mteremko mzuri, kwa sababu vyoo vya Ulaya vimepangwa kwa mtu anayetumia karatasi na maji yakimwagika hayana pa kwenda.

Sasa mpango wa ndani, hapa ndo penyewe nataka tukae kidogo.

Nyumba ya Kizungu ya sasa inapenda uwazi, ukifungua mlango unaona sebule, meza ya kula, jiko, wote mnaonana. Nyumba ya Kiswahili na ya Kiarabu inakwenda kwa hatua, baraza nje, daka yaani kiukumbi cha mlangoni, sebule ya wageni, halafu ndani, halafu uwa, kila ukipiga hatua unahitaji idhini zaidi. Watu wanadhani lazima uchague moja. Si kweli, uwazi wa Kizungu upeleke ndani. Yaani mbele weka sebule ndogo ya wageni, mita 3 kwa 4 inatosha, iwe na choo chake kidogo pembeni, mgeni anakaa anahudumiwa anaondoka na hajavuka popote. Nyuma yake ndo ufanye ule ukumbi mkubwa wa familia ulioungana na jiko, watoto wanafanya kazi za skuli mezani, mama anawaona na wao wanamuona, umepata raha ya Kizungu na heshima ya nyumba imebaki. Mlango wa mbele usiutazamishe na mlango wa ndani, peleka wa pili ubavuni, hata kama mbele pamewachwa wazi macho ya mtu wa njia yanagota ukutani.

Kiwanja kikiruhusu, ule ukumbi ufungue kwenye uwa wa katikati. Hata mita 3 kwa 4 unafanya kazi, kuta zinaukinga kwa kivuli muda mwingi wa siku na hewa ya moto inapanda inatoka, vyumba vyote vinapata madirisha mawili bila kumchungulia jirani. Lakini masika yetu si mchezo, kwa hiyo sakafu ya uwa iwe chini ya sakafu ya ndani kwa angalau inchi 6, mteremko kuelekea kwenye shimo moja, bomba pana la kutoa nje, na maji ya paa yakinge kwenye tangi. Fundi akikwambia bomba dogo litatosha usikubali. Kama kiwanja kidogo basi uwa uwe nyuma kama kawaida yetu, sio lazima katikati.

Jiko fanya mawili. La ndani la gesi na kabati zake za kisasa kwa chai na vitu vyepesi, la uwani la makaa, la kukaangia samaki na kupikia pilau la watu wengi. Ukichanganya jiko wazi la Kizungu na mapishi yetu, harufu ya samaki italala kwenye mapazia na makochi mpaka wiki nyengine.

Nani alitupa somo la kukosa uwa? Michenzani. Zile ghorofa ndefu za miaka ya 1970 zilizojengwa kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki ziliwapa watu umeme na maji ndani na hilo ni jambo kubwa, lakini mpango wa Ulaya ulikuja mzima mzima, familia zilizozoea uwa zikapandishwa juu, na maisha yakateremka yenyewe chini kwenye baraza.

Kuta. Nyumba za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene nusu mita na zaidi, na vyumba vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazifiki mbali, mita 3 hivi basi. Wewe unatumia tofali la saruji na nondo, hutoweza kupata unene ule na si lazima. Ila kidaka, yaani lile tundu la ukutani la kuwekea vitu, usikichimbe kwenye tofali la inchi 6, utauwa ukuta. Chagua ukuta mmoja tu, wa sebule au ukumbi, ujenge mara mbili, wa nje na wa ndani, halafu zidaka zikae kwenye wa ndani zimepangwa vizuri, humo unatia vyombo, misahafu, taa, na waya za televisheni zote zinapita katikati hazionekani. Kitu cha kale kinaficha kitu cha kisasa, mimi huu ndo mchanganyiko ninaoupenda kuliko yote. Na ukuta wa magharibi ukiwa mara mbili pia unapunguza joto la jioni.

Mchanga wa pwani usitie, chumvi inakula nondo. Na kama wewe unakarabati nyumba ya zamani mjini, usipige lipu ya saruji juu ya ukuta wa mawe. Ukuta ule unavuta unyevu na chokaa inauwachia utoke, saruji inaufungia ndani na lipu inapasuka inaanguka mapande. Tia chokaa, taratibu, tabaka baada ya tabaka. Na ruhusa ya Mamlaka ya Mji Mkongwe chukua kabla hujagusa kitu.

Madirisha ya alminiamu ya kusukuma yanafunguka nusu tu, nusu nyengine kioo kinabaki kimeziba, umelipia dirisha zima upepo umepata nusu. Bora yanayofunguka yote, na nje yake mbao za luva, vile vibao vya mshazari vyenye nafasi, unazifunga jua likija na hewa inaendelea kupita na hakuna anayekuona. Kioo cha rangi weka juu ya dirisha, kidogo tu, kikizidi chumba kinakuwa giza.

Fanicha. Sebule ya wageni ijengee baraza ya ndani kuzunguka kuta tatu, pamoja na godoro kimo kisizidi sentimita 45, kina kama 65, hapo mtu wa makochi anakaa na mtu wa kukunja miguu anakaa. Ukumbi wa familia weka meza ya kula ya Kizungu ukitaka, lakini wacha pahala patupu pa mkeka na sinia, siku ya Idi na siku ya futari utahitaji na meza ya watu sita haitokutosha. Kitanda cha samadari, kile cha mbao cha kizamani, ukikirithi kiweke chumbani ulalie, usikifanye cha maonyesho. Taa zote zitie za mwanga wa njano, ile balbu nyeupe kali inaua rangi ya mbao.

Mlango wa nakshi uwe wa mwisho, nyumba ikishaisha. Usinunue wa zamani, ule umeng'olewa kwenye nyumba ya mtu na mji umebaki na tundu. Agizisha mpya, mafundi wa kuchonga bado wapo. Chagua mmoja, wa Kiarabu wenye kichwa mraba na maandishi au wa Kihindi wenye tao juu, usichanganye vyote kwenye mlango mmoja, na vipimo chukua baada ya lipu. Mvule, msaji au mfenesi vyote vinafaa. Fremu iingie ndani ya ukuta kwa vyuma vya kushikia kwa sababu mlango ule mzito, upenu uufunike mvua isiupige, na kabla hujatoa pesa ya mwanzo muulize seremala mbao zimekaa muda gani zikikauka, kama bado mbichi subiri, ukishajipinda ukiwa umechongwa haurudi.