Feromoni ya nondo wa koni: usizime oveni mapema

Juzi nilikuwa namsaidia dogo mmoja wa maabara kutafuta feromoni, yaani harufu ambayo jike hutoa kumwita dume, kumbe amekwama palepale nilipokwama mimi, basi acha niandike. Mdudu wetu ni Dioryctria abietella, nondo ambaye viwavi wake wanakula koni (matunda magumu yenye mbegu) za misprusi, miti jamii ya misonobari, huku Sweden na mbegu zinaisha humohumo.

1. Okota koni zenye uchafu wa kahawia ulioganda na utomvu kwa nje, kiwavi yumo. Wakishakuwa pupa, kila mmoja kichupa chake, jike mbali na dume.

2. Usiku, kwa tochi nyekundu, subiri jike ainue tumbo na kutoa ncha ya nyuma, hapo ndo anaita. Kata ncha, loweka kwenye heksani (kiyeyushi) mikrolita 10, nusu saa.

3. Pitisha kwenye GC-EAD, yaani GC (mashine inayotenganisha kemikali kwa joto ndani ya kolamu, bomba jembamba lililo ndani ya oveni) iliyounganishwa na kipapasio cha dume kinachopimwa umeme. Kitashtuka kwenye asetati moja, 9Z,11E-14:Ac (kaboni 14, dabo bondi mbili, kwenye kaboni ya 9 na ya 11). Mahali pa dabo bondi zake hakikisha kwa kemikali ya MTAD, inayoshika dabo bondi mbili zilizo jirani, achana na DMDS, ile ni ya dabo bondi iliyo peke yake.

4. Hapa sasa. Mimi nilifurahi nikapeleka hiyo asetati shambani, mitego ikarudi mitupu msimu mzima, nikalaumu raba (kipande kinachobeba harufu ndani ya mtego), nikalaumu mvua, hadi gundi ya mtego nikaibadilisha. Kumbe programu yangu ya joto la oveni ya GC ilikuwa inaishia digrii 230 na kemikali ya pili ya feromoni ilikuwa bado imelala ndani ya kolamu! Ni pentaini, yaani haidrokaboni yenye dabo bondi tano, ya kaboni 25 (3Z,6Z,9Z,12Z,15Z), nzito, hairuki hewani kirahisi, kwa hiyo kipapasio kinaweza kukaa kimya kabisa hata kama ipo. Tumia kolamu isiyo polar, panda mpaka 300, halafu subiri. Inatoka katikati ya nta za ngozi ya mdudu, ndo maana watu wanaipita wakidhani ni uchafu, wewe tafuta vipande vya uzito 79 na 91 kwenye MS (kipimo cha uzito wa molekuli), na molekuli yenyewe 342. Ukiipata iweke friza chini ya naitrojeni, dabo bondi tano hizo zinaoza ukizitazama tu.

5. Shambani weka mitego ya aina nne: asetati peke yake, pentaini peke yake, zote mbili, na raba tupu. Pentaini iwe nyingi, kwa nduguye wa Amerika Kaskazini, D. abietivorella, walitumia mikrogramu 2000 kwa 200 za asetati. Na mitego ipandishwe juu kwenye koni, kuitundika usawa wa kifua ni uvivu.