Jinsi ya kupanga albamu za Red Hot Chili Peppers kwa kufuata vikosi vyake

Kwa bendi hii ya roki ya Marekani, chora jedwali la safu tano: albamu, mwaka iliotoka, gitaa, dramu na produsa. Sauti na besi hazihitaji safu, kwa kuwa Anthony Kiedis na Flea wamo katika albamu zote 13 za studio, kuanzia 1984 hadi 2022. Kinachohamahama ni kiti cha gitaa, na katika miaka ya mwanzo cha dramu pia.

Wengi hukosea mstari wa kwanza kabisa. Bendi ilianzishwa Los Angeles na Kiedis, Flea, Hillel Slovak kwenye gitaa na Jack Irons kwenye dramu. Lakini Slovak na Irons walikuwa na bendi nyingine, What Is This, nayo ikapata mkataba wake wa kurekodi. Kwa hiyo kwenye albamu ya 1984 andika Jack Sherman (gitaa) na Cliff Martinez (dramu). Kwenye Freaky Styley (1985), produsa akiwa George Clinton, Slovak amerudi lakini Martinez bado yupo. Waanzilishi wote wanne wanakutana kwenye albamu moja tu, The Uplift Mofo Party Plan ya 1987. Jedwali lolote linalowaweka pamoja 1984 si la kuaminika.

Slovak alifariki Juni 1988, Irons akajitoa. Kuanzia Mother's Milk (1989) weka John Frusciante na Chad Smith, kisha safu ya dramu iache: mpaka albamu za 2022 mpiga dramu wa bendi ni Smith. Ila katika Mother's Milk nyimbo mbili zitie alama: "Taste the Pain", ambao dramu amepiga Philip "Fish" Fisher, na "Fire", maana ulirekodiwa Slovak na Irons wakiwa bado wamo. Ndiyo sababu ya kusoma maelezo ya jalada wimbo kwa wimbo.

Gitaa sasa linakwenda hivi: Frusciante tena 1991, Dave Navarro 1995, Frusciante 1999, 2002 na 2006, Josh Klinghoffer 2011 na 2016, halafu Frusciante kwa albamu mbili za 2022. Arik Marshall usimwingize. Frusciante alipoondoka katikati ya ziara mwaka 1992, Marshall ndiye aliyepanda jukwaani, lakini hana albamu na bendi hii. "Soul to Squeeze" nayo ina mtego wake: ilitoka kama singo 1993, Frusciante akiwa ameshaondoka, ilhali gitaa ni lake, kwa sababu ilirekodiwa wakati wa Blood Sugar Sex Magik (1991).

Sikio husaidia, si sana. Gitaa la 1991 ni kavu, noti chache, nafasi nyingi. La Navarro ni zito, limerundikwa tabaka juu ya tabaka. Lakini Mother's Milk nayo ni nzito, na huyo ni Frusciante: produsa Michael Beinhorn ndiye aliyetaka gitaa nene.

Mikusanyo ya nyimbo usiitegemee, kwani hufuata haki za lebo (kampuni za kurekodi). What Hits!? (1992) ni ya EMI, lebo ya zamani, hivyo kutoka albamu za baada ya 1989 ina "Under the Bridge" pekee. Greatest Hits (2003) ni ya Warner. Kabla ya 1991 ina "Higher Ground" tu, na kutoka albamu ya Navarro "My Friends" tu. Slovak hayumo kabisa humo. Kumsikia yeye, chukua albamu za 1985 na 1987.