Swichi ya kukata betri ya gari: ile namba kubwa ya ampea isikudanganye

Gari likikaa muda mrefu bila kuwashwa betri inaisha, na swichi ya kukata betri ndio dawa. Shida watu wananunua yoyote inayoingia kwenye kichwa cha betri. Juzi nimemsaidia jamaa ambaye stata yake ilikuwa inazunguka kivivu, keshanunua na betri mpya, kumbe mchawi ni swichi.

1. Jua stata inavuta ngapi
Petroli ndogo mara nyingi ni ampea 100 mpaka 200, dizeli 300 na kwenda juu. Ukiwa na klampu mita pima, ila iwe inayosoma DC, nyingi ni za AC tu. Ile CCA iliyoandikwa kwenye betri achana nayo, hiyo ni uwezo wa betri kwenye baridi kali, sio kiasi stata inachokula.

2. Soma ampea za swichi (hapa tulia)
Swichi ya maana inakuwa na namba zaidi ya moja: ampea za mfululizo, za dakika chache, na za sekunde chache wakati wa kupiga stata. Ile ya sekunde ndio kubwa kwa hiyo ndio inabandikwa mbele ya boksi, unaona 500, ukigeuza nyuma mfululizo ni 100 tu. Sio uongo, ila ujue unasoma ipi. Ya sekunde ipite ya stata yako na uache nafasi, mimi naweka mara moja na nusu, maana stata iliyochoka inavuta zaidi, na gari likigoma unapiga tena na tena swichi haipati muda wa kupoa. Ya mfululizo isiwe chini ya uwezo wa alteneta (ile inayochaji betri injini ikiwaka), na kama una winchi piga hesabu yake pia. Ukikuta namba moja tu na haijasema ni ya muda gani, rudisha. Ikiandikwa 250V AC bila DC, rudisha pia, cheche ya DC haizimiki kirahisi inaunguza kontakti.

3. Aina
Ya kuzungusha yenye bolti nene, basi. Zile za kitufe cha kijani cha kukaza kwa mkono sizipendi, usipokaza vizuri mguso unakuwa hafifu, na ukinzani wa miliomu 1 tu kwenye ampea 200 inakula volti 0.2 na kutoa joto la wati 40.

4. Funga upande wa negativu
Waya zote za negativu zitoe kwenye betri uzihamishie upande wa pili wa swichi, ukisahau hata kale kembamba umeme utapita huko na swichi itakuwa pambo. Gari jipya lenye sensa ya betri kwenye negativu, usiiruke, ibaki kwenye njia.

5. Pima
Multimita kwenye volti DC, ncha moja kila upande wa swichi, mwenzio apige stata. Kwa gari dogo ikizidi 0.2 kaza nati na safisha, ikigoma kushuka mimi naing'oa.

Usikate swichi wakati injini inaunguruma, alteneta inaweza kurusha volti za kuua kontroli boksi. Na namba ya siri ya redio (code) iandike kwanza, redio inaweza kuidai ukirudisha umeme.