Roma kwa Bei Nafuu: Pasipoti Isiachwe Kabatini

Kabla sijasema lolote kuhusu bei, mtaa au kifungua kinywa, nasema hili: ukienda kulala Roma, kila mtu katika msafara wako, hata mtoto anayenyonya, awe na pasipoti yake halisi mkononi. Si nakala, si picha iliyo kwenye simu, si nakala iliyogongwa muhuri na wakili. Nitalirudia jambo hili mara kadhaa, kwa sababu lilinigharimu malipo ya siku tatu, usiku mzima wa baridi, na machozi ya mama yangu mdogo.

Mwezi Novemba 2025 mama mdogo alikuja kutoka Moshi kunitembelea München, Ujerumani, ninakoishi na kufanya kazi kwa mwaka wa tisa sasa. Viza yake ya Schengen, yaani ya zile nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, haikuwa na kasoro, bima ilikuwepo, na hati ya kumdhamini niliijaza mwenyewe. Ulikuwa mwaka wa Jubilei ya Kanisa Katoliki, iliyofunguliwa tarehe 24 Desemba 2024 na kufungwa tarehe 6 Januari 2026, na yeye, ambaye ameimba kwaya ya parokia tangu ujana wake, hakuwa na hamu nyingine Ulaya ila kupita Mlango Mtakatifu wa Basilika la Mtakatifu Petro, ule unaofunguliwa kwa mahujaji mwaka wa Jubilei tu. Nikatafuta chumba karibu na kituo cha treni cha Termini, nikalipia siku tatu kwa ile bei ya chini ambayo fedha zake hazirudishwi, nikakata tiketi za treni.

Usiku wa kuamkia safari, kundi la familia kwenye WhatsApp likachangamka. Ndugu ambaye hajawahi kukanyaga Ulaya akaandika kwamba Roma imejaa vibaka, kwamba pasipoti ikiibiwa mama hatarudi tena nyumbani, na kwamba mwenye busara huiacha kabatini akabeba nakala. Wengine wakaunga mkono mmoja baada ya mwingine, na mama mdogo akakumbuka kwamba alikuwa na nakala safi yenye muhuri wa wakili, aliyoitengeneza alipokuwa akiandaa maombi ya viza. Mimi nilipaswa kukataa palepale. Nilinyamaza, kwa kuwa katika safari zangu nyingi za treni ndani ya Schengen nilikuwa nimeombwa tiketi tu. Pasipoti yangu na kadi yangu ya ukaazi nilizibeba kwa mazoea; pasipoti yake ikabaki kabatini.

Tulifika saa tatu usiku. Nyumba nyingi za wageni za bei nafuu katika eneo lile la Esquilino zimo ndani ya majengo makubwa yaliyojengwa baada ya Roma kufanywa makao makuu ya Italia mwaka 1871: ghorofa moja ina ofisi ya mwanasheria, ya pili wanaishi wenyeji, ya tatu ina vyumba sita vya wageni. Hakuna mapokezi. Unabonyeza kengele ya mlango wa barabarani, unapanda, na unamkuta mhudumu mmoja ambaye amekuja kwa ajili yako tu na anataka kwenda kwake kulala. Yule wetu alikuwa kijana mpole. Alituonyesha chumba, alitueleza funguo, kisha akaomba pasipoti. Yangu aliipokea. Nakala ya mama mdogo aliigeuza, akautazama muhuri wa wakili kwa heshima kabisa, akatikisa kichwa.

Nilimweleza kwa Kijerumani, kwa Kiingereza na kwa Kiitaliano changu cha kuokoteza. Nilimwonyesha picha ya viza kwenye simu. Mama mdogo naye akatoa kitambulisho chake cha taifa, kadi ya bima na hata kadi ya parokia. Kijana alimpigia simu mwenye nyumba, na jibu likawa lilelile: mimi naruhusiwa kulala, mama haruhusiwi. Fedha hazirudi, kwa sababu chumba kipo na kosa ni la mgeni.

Usiku ule niliona ni ukatili. Leo, baada ya kuisoma sheria yenyewe, sioni kwamba yule kijana alikuwa na njia nyingine. Sheria ya Italia ya usalama wa umma ya mwaka 1931, katika kifungu chake cha 109, inamkataza mwenye nyumba ya wageni kumlaza mtu asiye na hati halali ya utambulisho, na kwa mgeni atokaye nje ya Umoja wa Ulaya hati hiyo ni pasipoti au hati nyingine inayolingana nayo. Taarifa za kila aliyelala hupelekwa polisi kwa njia ya mtandao ndani ya saa 24 tangu alipofika, na ndani ya saa 6 ikiwa anakaa kwa muda usiozidi siku moja. Asiyetii anaweza kufungwa hadi miezi mitatu au kutozwa faini. Hakuna anayehatarisha leseni yake kwa ajili ya machozi ya mgeni asiyemjua.

Sisi kwetu tumelelewa na kitabu cha wageni. Kila aliyewahi kulala gesti Tanzania anakifahamu: jina, kabila, utokako, uendako, sahihi, basi. Mhudumu anaweza kuomba kitambulisho, lakini ukisema umekisahau utapewa ufunguo, na mwenzako ataandikwa kwa jina lako. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda nao wamezoea kuvuka mipaka ya nchi zao kwa kitambulisho cha taifa. Kwa hiyo tunaposikia kwamba ndani ya Schengen hakuna mipaka, tunaelewa kwamba hakuna karatasi. Hilo ndilo kosa. Mipaka haina mageti, lakini karatasi zipo, na zinakungoja mlangoni pa chumba unachotaka kulala.

Tena sikiliza wewe mwenye kadi ya ukaazi ya Ujerumani, Ubelgiji, Uswidi au kwingineko. Kadi ile peke yake haikuruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen. Inakuruhusu hadi siku 90 katika kila siku 180, ikiandamana na pasipoti ya nchi yako iliyo hai. Nimekutana na Waswahili wengi waliokaa Ulaya miaka kumi wasiolijua hili. Na ninyi mnaoishi Uingereza kwa pasipoti ya Kenya au Tanzania, ukaazi wa Uingereza hauwafikishi Roma hata kidogo. Mnahitaji viza ya Schengen kama aliye Nairobi.

Tuliteremka ngazi na mizigo yetu saa nne na nusu usiku. Nyumba mbili nyingine zilitupa jibu lilelile. Nilimpigia simu dada mmoja Mtanzania anayeishi kule, naye kwa uchungu akanieleza kwamba hata mtu binafsi anayempokea mgeni wa kigeni nyumbani kwake lazima atoe taarifa kwa maandishi kwa mamlaka ndani ya saa 48, na kwamba mwenye nyumba wake asingekubali. Sikumlaumu. Tulikaa kituoni hadi walinzi walipotuondoa, kisha katika mgahawa uliokuwa wazi, mama mdogo akiwa amejifunga kanga mbili juu ya koti, akinitia moyo mimi badala ya mimi kumtia moyo yeye.

Kulipopambazuka tulikwenda Vatikani. Tulipanga foleni, mifuko ikakaguliwa, na akapita Mlango Mtakatifu bila kuulizwa karatasi yoyote. Ndiyo faraja pekee ninayoweza kuitaja. Siku hiyohiyo tulipanda treni ya kurudi, na baada ya kuvuka mpaka wa Austria na Ujerumani, ambako Ujerumani imekuwa ikikagua wasafiri tangu mwaka 2015, askari waliingia ndani ya behewa. Walitushusha, wakatuhoji kwa saa mbili, wakaipata viza yake kwenye mtambo kwa alama za vidole, wakatuachia kwa onyo. Mama wa miaka sitini na minne, ambaye hajawahi kuingia kituo cha polisi hata kama shahidi, alikaa pale akitetemeka kwa kosa la kutii ushauri wa wanawe.

Kwa hiyo narudia. Pasipoti halisi, ya kila mtu. Tena si kwa ajili ya chumba tu: sheria ya Italia inasema mgeni anayeshindwa bila sababu ya haki kumwonyesha askari pasipoti au kibali chake anaweza kufungwa hadi mwaka mmoja na kutozwa faini hadi euro 2,000. Vibaka wapo Roma, hasa kwenye treni za chini ya ardhi na mabasi ya kwenda Vatikani, lakini dawa ya kibaka ni kibindo, si kabati. Shona mfuko wa kitambaa wa kuvaliwa chini ya nguo, au nunua ule wa wasafiri, pasipoti ikae mwilini. Nakala ibaki kwenye begi. Ikiibiwa kweli, unaripoti polisi, unachukua karatasi ya taarifa, unakwenda ubalozini. Tanzania, Kenya na Uganda zote zina balozi zao Roma. Huo ni usumbufu wa siku chache, na una njia ya kutokea. Kufika bila pasipoti hakuna njia.

Ndugu zangu mlioko nyumbani, nawaomba kwa upendo: msimshauri msafiri katika jambo msilolipitia. Na mkija, msiniambie kwamba mpwa "atajibana tu na sisi, kitanda kinatosha." Najua kwetu godoro moja sakafuni halimnyimi mtu usingizi. Kule kila kichwa kinaandikishwa polisi na, isipokuwa watoto wadogo, kulipiwa kodi ya jiji, na mgeni wa ziada akigunduliwa, mnaweza kutolewa nje nyote.

Nimefikiri sana kuhusu watu wa huku. Kwetu, mtu asiye na karatasi bado ana watu: balozi wa nyumba kumi anamjua, serikali ya mtaa itamwandikia barua, padri atamsemea. Udhamini wetu uko mdomoni mwa jirani. Ulaya wameutoa mdomoni wakauweka katika kijitabu, na ukikosa kijitabu, upole wote wa mhudumu hauna pa kushika. Sisemi mfumo wao ni mbaya, kwa maana haumbagui aliye mgeni wa mji na hauhitaji umjue mtu ili utendewe haki. Lakini unamwacha mama mzee barabarani usiku, na aliyefanya hivyo analala akiamini ametimiza wajibu, na kweli ametimiza. Ni lazima tuujue ulivyo, si tunavyotamani uwe.

Yaliyobaki ni mepesi. Tangu Januari 2025 kila nyumba ya wageni Italia inatakiwa kuwa na namba ya taifa ya utambulisho, inayoanza na herufi IT, iliyoandikwa kwenye tangazo na kubandikwa nje ya jengo. Tangazo lisilo nayo achana nalo. Kodi ya jiji hulipwa pembeni ya bei ya chumba, mara nyingi kwa fedha taslimu: katika hoteli za Roma ni kuanzia euro 4 kwa usiku kwa kila mtu katika zile za nyota moja hadi euro 10 katika zile za nyota tano, haizidi usiku 10 mfululizo, na watoto walio chini ya miaka 10 hawalipi. Dai risiti. Uliza saa ya mwisho ya kupokelewa, maana wengi hutoza nyongeza kwa anayechelewa. Uliza kama kuna lifti. Mitambo ya kupasha joto Roma huruhusiwa kuwashwa kati ya 1 Novemba na 15 Aprili tu, tena kwa saa 12 kwa siku, kwa hiyo mzazi anayetoka kwenye joto abebe blanketi jepesi.

Nyumba za masista zinazopokea wageni ni safi, tulivu, na mara nyingi bei yake ni nzuri. Kwa mama wa parokia hakuna mahali pazuri zaidi, ingawa mlango hufungwa mapema usiku, pengine saa nne na nusu au saa tano. Nao wataomba pasipoti.

Na jambo la mwisho, ambalo wengi hawalijui. Mgeni asiye raia wa Umoja wa Ulaya anayeingia Italia akitokea nchi nyingine ya Schengen kwa matembezi anatakiwa kutoa tamko la kuwepo kwake ndani ya siku 8. Anayelala katika nyumba ya wageni hutoa tamko hilo kwa kusaini fomu ya mwenye nyumba, naye anapaswa kumpa nakala. Iombe nakala hiyo palepale unaporudishiwa pasipoti, hakikisha jina limeandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti, ikunje ndani ya kurasa zake, na usiitoe humo hadi utakapovuka mpaka wa kurudi.